UZI: Mlima uliofunguliwa faili Beijing (Wamongolia, milima yao mitakatifu na ofisi ya Wamanchu)

#1 Tarishi wa Kale

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa reli za China, na kuna watu mmeniandama hadi faragha mkiudai. Basi leo mvua inanyesha, sina pa kwenda, chai ipo.

Nianze na safari. Nilikuwa nasoma Beijing. Likizo moja ya kiangazi mimi na mwenzangu tukapanda treni kwenda Ulaanbaatar. Mkifika Erenhot, mpakani, mabehewa yananyanyuliwa juu na abiria mko humo humo ndani, magurudumu yanatolewa na kuwekwa mengine, maana reli ya China ina upana wa milimita 1,435 na ya Mongolia inafuata kipimo cha Kirusi, milimita 1,520. Unalala, unaamka, bado mnaning'inia. Baada ya hapo ni jangwa la Gobi, kisha majani, majani, majani, halafu mji.

Kusini mwa mji kuna mlima mrefu wenye msitu mzito upande unaotazama mjini. Ng'ambo ya mto ni maghorofa, vumbi na foleni ya magari. Mlimani hata kibanda huoni. Nikamuuliza mwenyeji wetu mbona mji umepanuka kila upande ila huo. Akasema huo ni Bogd Khan Uul, hauchezewi, zamani hata Kaisari wa Beijing alikuwa anauandikia barua.

Nikajua Kichina chake na changu vimegongana. Nikamwambia rudia. Akarudia: mlima, barua, kila mwaka, na ubani na hariri juu yake.

Tangu siku hiyo nasoma habari hizi. Nitaweka kwa vipande, msiniwahishe.

#2 Konda wa Mwisho

Kiti nimeweka, karanga ninazo. Ila mkuu usije ukaishia njiani kama ule uzi wa meli.

#3 Binti Saadani

Barua kwa mlima? Na mlima ulijibu?

#4 Tarishi wa Kale

@Binti Saadani tutafika huko. Kwanza niwapeleke mlima mwingine, maana bila huo hamtaelewa kwa nini watawala walihangaika na milima.

Kaskazini mashariki mwa Mongolia, mkoa wa Khentii, kuna Burkhan Khaldun. Si mrefu kwa kweli, mita 2,300 na ushee, watu wa Moshi mtaucheka. Lakini milima hiyo ya Khentii ndiyo inayotoa mito mitatu: Onon, Kherlen na Tuul. Ukiwa mfugaji, mahali maji yanapoanzia ndipo dunia inapoanzia.

Hapo ndipo alipojificha kijana Temüjin, yule ambaye dunia ilikuja kumwita Chinggis Khan (ninyi mnamjua kwa Genghis). Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu cha karne ya 13, inakisimulia kisa hiki vizuri sana. Wamerkit, kabila jingine la nyika, walikuwa na kisasi cha zamani: baba yake Temüjin alimpora mama yake, Hoelun, kutoka kwa mume wake Mmerkit. Wakaja alfajiri. Farasi hawakutosha. Kila mtu akapanda wake, bibi harusi Börte akabaki bila mnyama. Mjakazi mmoja mzee akamficha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ekseli ikakatika njiani, wakakamatwa. Temüjin yuko mlimani. Wamerkit wakauzunguka mlima mara tatu, wakashindwa kupenya vinamasi na msitu, wakaondoka na mke wake.

Aliposhuka alivua mshipi akauvaa shingoni, kofia akaining'iniza mkononi, akajipiga kifua, akaligeukia jua, akapiga magoti mara tisa na kumimina kinywaji chini. Akasema mlima umeokoa roho yake iliyo ndogo kama ya chawa, kwa hiyo atautolea sadaka kila asubuhi, na wajukuu wa wajukuu zake wataukumbuka.

Kwa Mmongolia, kuvua mshipi na kofia ni kuweka ukubwa wote chini. Kumbukeni ishara hiyo. Kuna mtu anavua ukuu wake mbele ya mlima, na huyo huyo ndiye atakayeanzisha dola kubwa kuliko zote za nchi kavu. Kila atakayetawala nchi hiyo baadaye anaukuta mlima una cheo kuliko yeye.

#5 Mzee wa Hoja

Mkuu naona unamsafisha Genghis. Amechinja miji mizima, halafu unatuletea hadithi ya chawa.

#6 Tarishi wa Kale

@Mzee wa Hoja sijamsafisha, nimesimulia kisa cha mlima. Waulize watu wa Merv na Nishapur watakwambia mengine, na uzi wake uufungue, nitakuja kuchangia.

#7 Konda wa Mwisho

Mimi nimekwama kwa Börte. Mwanamume kapanda farasi, mke kaachiwa mkokoteni!!

#8 Binti Saadani

Asante Konda. Halafu aliyeshukuriwa ni mlima.

#9 Tarishi wa Kale

Hahaa. Kwa haki yake, alimfuata. Alimwendea Toghrul, rafiki wa baba yake, na ndugu yake wa kiapo Jamukha, wakakusanya jeshi na kumrudisha. Wengi huhesabu vita hiyo kuwa mwanzo wake wa kupanda.

Kipande cha pili, sasa. Alipofariki 1227, inaaminika walimzika huko huko Burkhan Khaldun. Rashid al-Din, mwanahistoria aliyekuwa waziri wa Wamongolia kule Uajemi, anaandika kwamba walinzi walikuwa watu wa Uriankhai, na kazi yao ilikuwa hiyo moja, hawakupelekwa vitani. Eneo likaitwa Mwiko Mkuu. Miaka ya mwanzo ya 1990 Wajapani walishirikiana na Wamongolia kulitafuta kaburi kwa vyombo vya kisasa, wananchi wengi wakanung'unika, na kaburi halikupatikana hadi leo. Mimi upande wangu ni wa wananchi, liacheni.

Tazama sasa alichofanya mjukuu wake, Kublai. Yeye amehamia kusini, anajenga mji mkuu pale ambapo leo ni Beijing, nasaba yake inaitwa Yuan. Nchi ya mababu imegeuka kuwa pembezoni! Na pembezoni ile ina mabinamu wenye jeuri wanaoona Kublai amekuwa Mchina. Mwaka 1292 akamtuma mjukuu wake Kammala, akampa cheo cha Mwanamfalme wa Jin, akamkabidhi hema nne kuu za Chinggis kwenye Kherlen pamoja na ulinzi wa nchi ya makaburi. Karakorum, mji mkuu wa zamani, baadaye ikawa makao ya mkoa tu, kuanzia 1312 ukiitwa Lingbei.

Lakini aliyeshika hema za babu hakuwa mkuu wa mkoa wa kawaida. Mwaka 1323 Kaisari alipouawa, mtoto wa Kammala, Yesün Temür, alitawazwa huko huko ukingoni mwa Kherlen ndipo akashuka kusini kukalia kiti. Somo hilo Beijing hawakulisahau hata nasaba zilipobadilika.

#10 Mwl. Chaki

Uzi mzuri. Nyongeza ndogo kwa wasiojua: Yuan ilianguka 1368, Wamongolia wakarudi nyikani, China ikashikwa na nasaba ya Ming, na Wamanchu wenyewe (nasaba ya Qing, iliyofuata baada ya Ming) ni watu wengine kabisa, wa kaskazini mashariki. Si Wachina wa Han, si Wamongolia. Hili ni muhimu kwa yanayofuata.

#11 Tarishi wa Kale

@Mwl. Chaki ndiyo hasa, na ndiyo siri ya ufundi wao. Hawakuwa wageni wa nyika. Walijua farasi, walijua uwindaji, walioleana na Wamongolia tangu mwanzo. Kabla hata hawajaiteka Beijing (1644), tayari mwaka 1636 walikuwa na ofisi ya mambo ya Wamongolia. Mwaka 1638 ikaitwa Lifan Yuan. Kwa Kimanchu jina lake ni kama kusema Wizara ya Kutawala Mikoa ya Nje. Watumishi wake walikuwa Wamanchu na Wamongolia. Ofisi hiyo hiyo ilikuja kushika Tibet na nchi za Waislamu wa magharibi, na kwa muda mrefu hata barua za Warusi zilipitia hapo.

Wamongolia wa kaskazini, Khalkha, waliingia mikononi mwao kwa sababu ya ugomvi wa ndani. Galdan, mtawala wa Wadzungar, yaani Wamongolia wa magharibi, aliwavamia 1688, wakakimbilia kusini na mifugo yao kuomba hifadhi. Mwaka 1691 pale Dolon Nor, Kaisari Kangxi aliwakusanya wakuu wao, akawalisha, akawapa vyeo, nao wakampigia magoti. Hapakumwagika damu siku ile.

Kisha ikaja kalamu. Nchi ikagawanywa katika kile walichokiita khoshuu, yaani bendera. Bendera moja ni eneo lenye mipaka, lina mkuu wake anaitwa zasag, lina daftari la watu, na ndani yake vikosi vya watu 150 kila kimoja. Khalkha walianza na bendera thelathini na kitu, mpaka karne ya 18 inakwenda ukingoni zimefika 86. Mfugaji haruhusiwi kuvuka mpaka wa bendera yake bila ruhusa. Fikiria hilo kwa mtu ambaye babu yake alifuata mvua tu. Na kila mwana wa mfalme aliyepewa kibendera chake alishukuru, huku himaya ya khan mkubwa ikizidi kukatwa vipande.

#12 mtoto_wa_Pangani

Huyo zasag si ndiye akida wa Mjerumani?

#13 Tarishi wa Kale

@mtoto_wa_Pangani hapana, na tofauti ina maana. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyepelekwa kutawala watu wa bara wasiomjua, kwa hiyo walimchukia tangu siku ya kwanza. Zasag alikuwa mwana wa hapo hapo, wa damu ya Chinggis, watu walishamheshimu kabla Mmanchu hajafika. Kilichobadilika ni kwamba cheo chake sasa kilitoka Beijing, na mshahara wa fedha na majora ya hariri ukatoka huko. Kila mwaka khan wa Khalkha na kiongozi wao wa dini walipeleka heshima iitwayo Weupe Tisa: farasi weupe wanane na ngamia mweupe mmoja. Walirudi na zawadi zenye thamani zaidi ya wanyama. Unaona hesabu? Kaisari alikuwa anatoa hasara kwa makusudi.

Kuna kimoja kinanifurahisha. Wakuu walitakiwa kwenda kwa zamu kumwamkia Kaisari. Lakini Wamongolia wengi walikuwa hawajawahi kuugua ndui, na Beijing kulikuwa na ndui. Basi wakagawanywa: aliyekwisha kuugua akapona aliitwa mwenye mwili "ulioiva", huyo huenda Beijing. Mwenye mwili "mbichi" humwona Kaisari kiangazi huko Chengde, kaskazini, kwenye hewa safi na uwindaji. Itifaki nzima ya dola imepangwa kwa sababu ya kirusi cha ndui. Na hofu yao haikuwa ya bure, Panchen Lama, kiongozi mkubwa wa Kibuddha kutoka Tibet, alikuja Beijing mwaka 1780 akafa kwa ndui.

#14 Konda wa Mwisho

Mwili mbichi 😂😂 kuanzia leo ndio jina la wanaokuja Dar mara ya kwanza.

#15 Mzee wa Hoja

Yote haya ni ukoloni uliopakwa asali. Hariri mkono mmoja, kamba mkono mwingine. Na mlima je? Umetuahidi mlima.

#16 Tarishi wa Kale

Mzee leo tuko pamoja. Kamba ilionekana 1756.

Mwaka huo, mkuu mmoja wa Khalkha aliyehusishwa na kutoroka kwa mwasi wa Kidzungar, Amursana, aliuawa Beijing. Alikuwa ndugu wa Jebtsundamba wa pili, yaani yule lama (mtawa wa Kibuddha) mkuu wa Khalkha. Nyika ikachafuka. Mwanamfalme Chingünjav akaasi, na walinzi wakaanza kuacha vituo vya mpakani na vituo vya matarishi, vile ambavyo farasi hubadilishwa ili barua zisonge (jina langu humu limetoka hapo). Dola bila matarishi ni kipofu. Lakini waasi hawakuungana, lama mkuu hakujitokeza, na mwaka 1757 Chingünjav akauawa. Mwaka huo huo lama naye akafariki.

Hapo Kaisari Qianlong akafanya jambo la akili sana na la kikatili kimyakimya. Jebtsundamba wa kwanza na wa pili walizaliwa ndani ya ukoo mmoja wa khan. Lama mwenye waumini wote, ndugu yake mwenye askari wote: hatari. Akaamuru kwamba kuanzia sasa, mtoto atakayetambuliwa kuwa lama huyo amezaliwa upya atafutwe Tibet. Wa tatu akazaliwa Lithang, 1758. Analetwa mtoto mdogo, hana mjomba wala shangazi Mongolia nzima. Pale Khüree, makao yake, wakawekwa maamban, yaani wajumbe wa Kaisari, mmoja Mmanchu na mmoja Mmongolia.

Khüree yenyewe ilikuwa mji wa mahema unaohama. Tangu 1639 ulihamahama zaidi ya mara 20, mahekalu na vyote, kufuata malisho na usalama. Mwaka 1778 ukatua moja kwa moja bonde la Tuul, chini ya Bogd Khan Uul. Ndio Ulaanbaatar ya leo.

Na mwaka huo huo, 1778, amban Mmongolia wa Khüree akapeleka ombi Lifan Yuan: tunaomba ruhusa ya kuufanyia mlima huu ibada ya dola kila mwaka. Ombi likautaja mlima pamoja na jina la Chinggis.

Sasa jiweke kwenye kiti cha karani wa Lifan Yuan. Miaka ishirini tu baada ya uasi. Watu wanaomba kuabudu mlima na wanamtaja Chinggis. Ungefanyaje?

#17 Binti Saadani

Ningekataa.

#18 mtoto_wa_Pangani

Ningetia ombi droo ya chini kabisa. Lije kuombwa upya na mtu mwingine.

#19 Tarishi wa Kale

Kaisari alikubali. Akakubali na kuongeza: ubani na hariri zitatoka kwangu.

Hapa ndipo penye mzizi wa uzi huu, na ndilo wazo langu mwenyewe, mnaweza kulipinga. Watu wakiuabudu mlima kwa hiari yao, huko msituni, hujui wanaombea nini. Ukishautumia ubani wako, ibada ina tarehe. Ina orodha ya wanaohudhuria. Ina mjumbe anayesoma waraka wenye jina lako juu, na wakuu wote wa eneo wamesimama foleni kwa vyeo ulivyowapa wewe. Atakayekosa ataonekana. Mlima umeingia kwenye daftari kama bendera ya 87, hivi ndivyo ninavyoona mimi. Chinggis naye amehamishwa: badala ya kuwa babu wa waasi amekuwa babu anayetambuliwa na serikali.

Na haikuwa unafiki mtupu. Wamanchu nao walikuwa watu wa milima mitakatifu, wana mlima wao wa asili, Changbai, mpakani na Korea, ambao Kangxi aliutolea heshima za kidola. Qianlong alijua lugha hiyo. Hakuiazima.

#20 Mwl. Chaki

Nakuunga mkono kwa sehemu. Ila vyanzo vingi vinataja 1783 kuwa ndio mwaka mlima ulipotangazwa hifadhi, si 1778.

#21 Tarishi wa Kale

@Mwl. Chaki kweli, utakuta miaka yote miwili. 1778 inatajwa kwa ibada na 1783 kwa tangazo la hifadhi. Kwa vyovyote, kuwinda na kukata miti pale kulipigwa marufuku karibu karne nzima kabla ya Wamarekani kuifanya Yellowstone hifadhi (1872). Ndiyo sababu niliona msitu ule kutoka dirisha la treni. Leo ni hekta 41,000 na zaidi, na tangu 1996 UNESCO wameuweka kwenye orodha yao ya hifadhi za baiyongahai (kwa Kiingereza biosphere reserves).

Magharibi walifanya hivyo hivyo: kule Uliastai, ngome ya jenerali wa Wamanchu tangu 1733, mlima wa ibada ni Otgontenger, zaidi ya mita 4,000, kilele chenye barafu. Kila penye ofisi kubwa pana mlima wake.

#22 Mzee wa Hoja

Kwa hiyo unasema Mmanchu alikuwa mtunza mazingira. Haya.

#23 Tarishi wa Kale

Mzee, nasema msitu ulipona. Sababu za kupona kwake zilikuwa za polisi.

Na huku msitu unalindwa, watu walikuwa wanakamuliwa. Sheria za mwanzo ziliwabana wafanyabiashara wa Kichina: lazima kibali cha Lifan Yuan, usikae zaidi ya mwaka, usioe Mmongolia. Karatasi nzuri. Lakini wakuu walizoea hariri, zamu za kwenda kumwamkia Kaisari ziligharimu, vituo vya matarishi vililishwa na wananchi, na mkopo ulitolewa na maduka ya watu wa Shanxi, kubwa lao likiitwa Da Sheng Kui. Mkuu anakopa, bendera nzima inalipa, kwa kondoo na manyoya, riba juu ya riba. Karne ya 19 inaisha kuna bendera zinadaiwa kuliko mifugo yake. Hapo sina cha kumtetea mtu.

#24 Binti Saadani

Na iliishaje?

#25 Tarishi wa Kale

Iliishia kwenye kile kile alichokipanga Qianlong, ndiyo maana naipenda hadithi hii.

Baada ya 1900 Beijing, ikiwa imepigwa na mataifa na kukopa kila mahali, iliacha ufundi wa zamani. Lifan Yuan ikabadilishwa jina 1906 kuwa wizara ya kawaida. Sera mpya: wakulima wa Kichina waruhusiwe kulima nyika, kambi za askari zijengwe, ofisi mpya zifunguliwe, gharama ziwe za wenyeji. Amban wa mwisho wa Khüree, Sando, aliyefika 1910, alisukuma hayo kwa kasi. Chekesho ni kwamba Sando alikuwa Mmongolia kwa damu, wa bendera za kijeshi za Qing.

Kiangazi cha 1911 wakuu na malama walikusanyika Khüree kwa sherehe za dini. Mjini kuna masikio ya Sando. Basi kikundi kidogo kikapanda vilima vyenye msitu karibu na mji, kikakaa huko kwa siri, kikaamua: tunajitenga, tutume ujumbe Urusi. Msitu uliokatazwa kukatwa, unaona ulivyofaa.

Tarehe 1 Desemba 1911 wakatangaza uhuru. Sando akasindikizwa akaondoka. Nani awe mfalme? Makhan walikuwa wanne, na hakuna ambaye wengine watatu wangemkubali. Jibu likawa Jebtsundamba wa nane, Mtibeti, yule asiye na mjomba. Kwa sababu hakuwa wa ukoo wa mtu, alikuwa wa wote. Desemba 29 akatawazwa kuwa Bogd Khan. Kitanzi alichosuka Qianlong 1758 kilimnasa mrithi wake.

#26 Konda wa Mwisho

Daaah. Hiyo ni goli la kujifunga dakika ya mia.

#27 mtoto_wa_Pangani

Mkuu, mlima uliwafanya nini wakomunisti?

#28 Tarishi wa Kale

Bogd Khan alifariki 1924, nchi ikawa jamhuri, mji ukaitwa Ulaanbaatar. Mwaka 1937 ulikuwa mbaya mno: malama waliuawa kwa maelfu, mahekalu yakabomolewa. Upande wa kusini wa Bogd Khan Uul kulikuwa na monasteri ya Manzushir, ya tangu 1733. Nimefika, ni kuta tu zimesimama kwenye majani na maua, na nyuma yake mwamba. Ibada za mlima zikazimwa. Msitu wenyewe hawakuugusa sana.

Burkhan Khaldun ulikuwa na shida ya pekee, maana jina la Chinggis lilikuwa sumu mbele ya Warusi. Mwaka 1962, miaka 800 tangu azaliwe kwa hesabu yao, walithubutu kumjengea mnara kule Dadal. Kiongozi wa chama aliyesimamia sherehe hizo, Tömör-Ochir, akavuliwa madaraka. Mnara bado upo.

Mwaka 1995 Rais Ochirbat akatoa amri kurudisha ibada ya dola kwa milima mitatu: Bogd Khan, Burkhan Khaldun na Otgontenger. Baadaye mingine ikaongezwa. Mwaka 2015 Burkhan Khaldun ukaingia Urithi wa Dunia.

#29 Binti Saadani

Nimesoma mahali kwamba wanawake hawaruhusiwi kupanda Burkhan Khaldun. Ni kweli? Maana Börte ndiye aliyelipa gharama ya mlima huo kuliko wote.

#30 Tarishi wa Kale

Ni kweli, kwa mila wanawake hawapandi kileleni. Hoja yako ya Börte sijawahi kuisikia ikisemwa hivyo na sina jibu lake. Kule kwingine, Bogd Khan Uul, tulipanda wote na mwenzangu ni mwanamke. Tulianzia Manzushir tukatokea upande wa mjini, siku nzima, miguu ikaniota malengelenge. Juu kuna ovoo, rundo la mawe lenye vitambaa vya hariri vya bluu. Unalizunguka mara tatu kufuata jua, unaongeza jiwe.

#31 Mzee wa Hoja

Swali la mwisho kwangu. Mjumbe wa Kaisari hayupo, Lifan Yuan haipo. Siku ya ibada nani anausomea mlima waraka?

#32 Tarishi wa Kale

Rais wa Mongolia. Anakuja na kofia na mshipi, gwaride la farasi, airag (maziwa ya farasi yaliyochachushwa) ya kumimina, na amri yake inasomwa. Amri ya rais kwao inaitwa zarlig. Na amri ya Kaisari kwa Kimongolia iliitwa zarlig.

#33 Konda wa Mwisho

Kwa hiyo faili halijafungwa.

#34 Binti Saadani

Na mlima bado haujajibu.